Nyama ya Ng'ombe Mzee: Mazungumzo na Walimu Wastaafu Kuhusu Kolajeni na Elastini

(Maneno haya niliyasema mbele ya walimu wastaafu mjini Tanga. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka, pamoja na maswali mawili ya wasikilizaji.)

Mwenyekiti, mama zangu na baba zangu, wazee wangu wote mliofika, shikamooni.

Nimeombwa nizungumze juu ya kuzeeka kwa mwili, na mwenyekiti ameniasa nisiwe mrefu kwa sababu chakula kiko jikoni. Basi nianzie huko huko jikoni. Hakuna mama hapa asiyejua kwamba nyama ya ndama huiva upesi, ila nyama ya ng'ombe aliyekokota plau miaka kumi inamaliza mkaa. Unaichemsha, unaionja, unarudisha kifuniko. Watu husema nyama imekomaa. Kilichokomaa zaidi si mnofu wenyewe, ni zile nyuzi nyeupe zinazoufunga mnofu, na nyuzi hizo zimetengenezwa kwa protini iitwayo kolajeni. Kwa ndama, kolajeni ikipata moto hulegea na kuyeyuka ikawa jelatini, ile inayoigandisha supu ikishapoa. Kwa ng'ombe mzee nyuzi zimekwisha kushikamana zenyewe kwa zenyewe, na moto unahangaika nazo.

Sisi tuna kolajeni kama ile, na inakomaa kwa namna ileile. Wengi mmekuja mkidhani nitazungumzia makunyanzi ya uso. Nitayagusa, msiwe na wasiwasi. Lakini makunyanzi hayajamuua mtu. Kukomaa kunakonihangaisha mimi kuko kwenye mshipa mkubwa unaotoka moyoni, mahali ambapo kioo hakionyeshi, na huko ndiko ninakotaka tufike pamoja kabla ya wali kupoa.

Kwanza tuijue hii kolajeni. Ni karibu theluthi moja ya protini yote ya mwili. Iko kwenye ngozi, kwenye mifupa, kwenye kano zinazounganisha misuli na mifupa, kwenye gegedu ya magoti, kwenye kuta za mishipa ya damu, hata kwenye ule weupe wa jicho. Zimekwisha kutambuliwa aina 28. Mwaka 1954 wanasayansi wawili wa Madras nchini India, G. N. Ramachandran na Gopinath Kartha, walieleza kwamba umbo lake ni nyuzi tatu zilizosokotana. Kwa watu wa Tanga sihitaji kuchora ubaoni. Mmeona kamba ya katani inavyosokotwa: kila uzi unapindwa upande mmoja, kisha nyuzi tatu zinasokotwa pamoja kwa upande wa pili, ndiyo maana haifumuki. Kolajeni imesokotwa hivyo hivyo. Kila uzi umejipinda kushoto, na zote tatu zimezungushana kulia.

Msokoto huo haushiki vizuri bila vitamini C. Mtu akiikosa kwa miezi kadhaa anapata kiseyeye: fizi zinavuja damu, meno yanalegea, vidonda havifungi. Mabaharia wa zamani waliteketea kwa ugonjwa huu. Katika safari ya Mwingereza George Anson kuizunguka dunia, iliyoanza mwaka 1740, iliandikwa habari ya mzee mmoja aliyekuwa amejeruhiwa vitani huko Ireland mwaka 1690. Makovu yake yalikuwa na umri wa nusu karne. Kiseyeye kilipomshika, vidonda vile vikafunguka upya kana kwamba amepigwa jana. Mimi habari hii huwasimulia wanafunzi wangu kila mwaka, kwa sababu ina fundisho ambalo vitabu hulipita haraka: kovu halikai tu pale kama saruji iliyokauka. Kolajeni yake inavunjwa na kujengwa muda wote, na ujenzi ukisimama, kovu linaachia.

Kwa hiyo mtu angedhani kolajeni yote ya mwili hubadilishwa hivyo. La. Hapa ndipo mambo yanapokuwa ya ajabu, naomba mnivumilie kidogo.

Kati ya miaka ya 1950 na mwaka 1963 mataifa makubwa yalilipua mabomu mengi ya nyuklia hewani kwa majaribio. Milipuko ile iliongeza hewani aina fulani ya kaboni, kaboni 14, hadi ikakaribia maradufu ya kiwango cha kawaida. Mwaka 1963 ukaja mkataba wa kusimamisha majaribio ya hewani, na kiwango kikaanza kushuka polepole. Kaboni ile iliingia kwenye mimea, ikaingia kwenye mahindi, maharage na maziwa, ikaingia kwa kila mtu aliyekuwa hai, hata kama alikuwa anachunga mbuzi Lushoto na hajawahi kusikia neno nyuklia. Msishtuke, kiasi chake ni kidogo mno. Lakini kinapimika, na kinafanya kazi kama mhuri wa posta: kinaonyesha tishu ilijengwa mwaka gani.

Watafiti wa Denmark walichukua kano za kisigino za watu waliokwisha kufariki, wakasoma mhuri huo. Matokeo yao ya mwaka 2013 yalionyesha kwamba kiini cha kano ile hujengwa mtu akiwa mtoto na kijana, hadi kama miaka 17, na baada ya hapo hakibadilishwi tena kwa kiasi cha kuhesabika. Kwa hiyo mwalimu uliyezaliwa mwaka 1953, kano uliyotembelea kuja hapa asubuhi hii ndiyo ileile uliyokimbilia ukiwa shule ya msingi, na ndani yake kuna kaboni ya mabomu yale. Gegedu ya goti ni hivyo hivyo. Watafiti wa Uholanzi mwaka 2000 walikadiria kwamba nusu ya kolajeni ya ngozi huchukua miaka kama 15 kubadilishwa, na ya gegedu miaka 117. Hebu nitajieni nani kati yetu ataifikisha.

(Mzee mmoja wa mbele akanyoosha mkono, watu wakacheka.)

Tutakualika tena, mzee.

Sasa elastini. Hii ni protini ya pili, na tabia yake ni kinyume cha kolajeni. Kolajeni huzuia tishu isivutike ikapasuka. Elastini huiruhusu ivutike kisha irudi. Vuta ngozi ya mgongo wa kiganja cha mjukuu wako halafu uiachie, inarudi kabla hujapepesa. Iko kwenye ngozi kwa kiasi kidogo, kwenye mapafu kwa kiasi kikubwa zaidi, na kwenye ukuta wa aota, ule mshipa mkuu utokao moyoni, inaweza kufika nusu ya uzito wa ukuta wenyewe ukishakaushwa.

Shida ya elastini ni hii: mwili huitengeneza kwa wingi mtoto akiwa tumboni na katika miaka ya utoto, kisha kiwanda kinafungwa karibu kabisa. Mwaka 1991 watafiti wa Marekani waliipima elastini ya mapafu, wakitumia tena kaboni ya mabomu pamoja na njia nyingine, wakakadiria kwamba kwa wastani inakaa miaka 74. Yaani ile uliyopewa na mama yako tumboni na katika ulezi ndiyo akiba yako ya maisha. Ikikatika, mtu mzima hujaribu kuiunga, ila kiraka chake huwa hovyo. Mara nyingi pengo hujazwa na kolajeni, ambayo haivutiki. Ndiyo sababu wenzetu wanaofuatilia afya ya uzazi wanasisitiza lishe ya mjamzito kiasi kile. Aota ya mzee wa mwaka 2095 inajengwa sasa hivi, kliniki za wajawazito.

Basi kuna mambo mawili yanayokwenda pamoja. Elastini inakatika, na kolajeni inashikamana kupita kiasi.

Niseme kwanza juu ya kushikamana. Kolajeni changa nayo ina viungo kati ya uzi na uzi, na hivyo ni vya lazima. Kuna kimeng'enya maalumu, yaani protini ya kuharakisha kazi za kikemia mwilini, kinachovitengeneza, kinahitaji madini ya shaba, na bila viungo hivyo mfupa na kano vingekuwa uji. Lakini kuna viungo vingine ambavyo havikupangwa na mtu. Vinaletwa na sukari. Sukari inayozunguka kwenye damu hugusa protini, hunata, na baada ya miezi na miaka mguso ule hugeuka kuwa kifungo kisichofunguka. Mfaransa Louis Camille Maillard alieleza mwaka 1912 namna sukari na asidi za amino, yaani vijenzi vya protini, zinavyoungana, na wapishi wote mnaijua kazi yake hata kama hamjui jina: ndiyo inayolifanya andazi liwe la kahawia kwenye mafuta ya moto. Ndani yetu joto ni nyuzi 37 tu, hivyo kazi inakwenda taratibu mno. Ila kama mlivyosikia, kano ina miaka sabini ya kusubiri.

Kifungo kilichokutwa kwa wingi zaidi katika kolajeni ya wazee kinaitwa glukosepeni. Jina si la kukariri. Kumbukeni tu kwamba kimetokana na glukosi, na kwamba mwenye kisukari kisichodhibitiwa anavikusanya vifungo hivyo kwa kasi kuliko wenzake wa rika moja. Tufanye jaribio dogo. Wekeni viganja pamoja mbele ya kifua, kama mtu anayeomba, viwiko mkivitoa nje. Vidole vyote vinagusana kuanzia shinani hadi nchani? Asiyeweza, vidole vikibaki vimepinda na kuna nafasi katikati, asiogope, huenda ni baridi yabisi au ni jembe la miaka mingi. Lakini akapime sukari. Kuna wagonjwa wa kisukari ambao ngozi na kano za mikono yao hukakamaa hivyo, na madaktari huitumia dalili hii.

Kabla watu hawajavijua vifungo hivi kwa majina, mtaalamu mmoja mzaliwa wa Hungaria, Fritz Verzár, aliyefanya kazi Basel nchini Uswisi, alishavipima kwa namna ambayo fundi yeyote angeielewa. Katika miaka ya 1950 alichukua kano za mikia ya panya, akazitia kwenye maji ya moto. Kolajeni ikipashwa moto husinyaa. Yeye akaning'iniza mawe ya mizani kuizuia isisinyae, akaona kwamba kano ya panya mzee inavuta uzito mkubwa kuliko ya panya kijana. Kadiri panya anavyozeeka, ndivyo uzito unavyoongezeka. Ni ng'ombe wetu mzee yuleyule, safari hii akiwa maabara.

Sasa tuingie kwenye aota.

Moyo ukipiga mara 70 kwa dakika, unapiga zaidi ya mara 100,000 kwa siku. Kwa miaka 70 ni kama mara bilioni 2.5. Kila pigo linasukuma damu kwa kishindo ndani ya aota. Kwa kijana, ukuta wa aota hutanuka, unakipokea kile kishindo, na moyo unapopumzika ukuta hurudi na kuisukuma damu iendelee mbele. Hivyo damu inafika kwenye figo na ubongo kama mkondo uliotulia. Kazi hii ni ya elastini, na ndiyo inayoichosha. Tabaka zake hupasuka moja moja, kolajeni inachukua mzigo, na kolajeni yenyewe imekwisha kufungwa na sukari. Aota inatanuka kidogo kwa upana na inakuwa ngumu.

Matokeo yake mnayajua kutoka kwenye mashine ya presha, ila pengine hamjaelezwa. Presha ina namba mbili. Ya juu ni ya wakati moyo unasukuma, ya chini ni ya wakati umepumzika. Aota ikiwa ngumu haikipokei kishindo, kwa hiyo namba ya juu inapanda. Na kwa kuwa haikutanuka, haina cha kurudisha moyo ukipumzika, kwa hiyo namba ya chini inashuka. Ndiyo maana namba zote mbili hupanda pamoja hadi umri wa miaka 50 au 60 hivi, kisha zinaachana: ya juu inaendelea kupanda, ya chini inateremka. Wazee wengi wananiambia, "Daktari, yangu ni 165 kwa 70, ya chini ni nzuri." Mzee wangu, ile ya chini si habari njema peke yake. Ikiwa mbali namna hiyo na ya juu, inatuonyesha kwamba mshipa umekakamaa.

Kuna jambo la tatu. Kila pigo hutuma wimbi kwenye ukuta wa mishipa. Kwa kijana wimbi hilo huenda kama mita 5 au 6 kwa sekunde. Kwa mzee linaweza kupita mita 10. Likifika kwenye matawi hurudi nyuma. Kwa kijana linarudi moyo ukiwa umeshapumzika, halimdhuru. Kwa mzee linarudi mapema na kumkuta moyo bado anasukuma, kwa hiyo moyo unasukuma dhidi ya wimbi lake mwenyewe, siku nzima, na ukuta wake unaanza kuwa mnene. Na ubongo na figo, ambavyo mishipa yake midogo ni laini, vinapokea vishindo ambavyo zamani vilikuwa vinaishia njiani.

Kinachoweza kupunguzwa ni kasi ya mambo haya. Kutembea kwa haraka karibu kila siku, chumvi kidogo mezani, kuacha sigara, sukari kudhibitiwa, na dawa ya presha kumezwa hata siku ambayo huumwi kichwa. Mengi mmeyasikia redioni. Nimewaeleza sababu yake tu. Sigara niiseme peke yake, kwa kuwa inawaita kwenye mapafu askari wa mwili ambao humwaga kimeng'enya cha kuikata elastini. Vifuko vya hewa vinapoteza mvuto wake, hewa inaingia na haitoki. Moshi wa kuni nao una madhara yake, hasa kwenye njia za hewa, na mama zetu wengi wamevuta mwingi.

Ngozi nimeiahidi. Nitaipitia upesi. Kolajeni ya ngozi hupungua kidogo kidogo kila mwaka wa utu uzima, na kwa wanawake miaka mitano ya kwanza baada ya hedhi kukoma inaweza kuondoka na karibu asilimia 30, kwa sababu estrojeni, homoni ya kike, ilikuwa inaitunza. Juu ya hapo kuna jua. Mwaka 2012 jarida moja la kitabibu la Marekani lilichapisha picha ya dereva wa lori aliyeendesha miaka 28: upande wa kushoto wa uso wake, uliokuwa dirishani, ulionekana mzee kwa miongo kuliko wa kulia. Kioo cha gari huzuia sehemu ya miale ya urujuanimno na kuruhusu nyingine, na hiyo nyingine ndiyo inayozama hadi kwenye kolajeni. La kushangaza ni kwamba katika ngozi iliyochomwa na jua elastini haipungui, inarundikana, lakini kama mabonge yasiyovutika. Melanini, ile rangi ya ngozi yetu nyeusi, inatukinga sana, ndiyo sababu makunyanzi hutufikia tukiwa tumechelewa. Ndugu zetu wenye ualbino hawana kinga hiyo, na kwao jua linaleta saratani. Pale Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, hutengenezwa mafuta ya kukinga jua kwa ajili yao.

Halafu kuna mkorogo. Nitasema polepole ili usikike. Mikorogo mingi ina dawa za steroidi kali, klobetasoli na wenzake. Steroidi huziamuru seli za ngozi ziache kutengeneza kolajeni. Ngozi inang'aa mwanzoni, halafu inakuwa nyembamba kama karatasi ya kitunguu, inachanika, inatoa michirizi. Siku mwenye ngozi hiyo akihitaji upasuaji, daktari anashona na mshono haushiki. Binti anajiongezea miaka 30 kwa fedha yake mwenyewe.

Hapo mama mmoja akauliza: "Mwanangu, na supu ya kongoro? Na hizi poda za kolajeni wanazouza kwenye simu?"

Ahsante mama, nilikuwa naisubiri. Kongoro ni kolajeni tupu, hilo ni kweli. Lakini ukiimeza, tumbo linaivunja kuwa asidi za amino na vipande vifupi, na mwili unavipeleka utakako. Kongoro haina anwani ya goti lako. Poda ni kolajeni hiyohiyo iliyokwisha kuvunjwa kiwandani. Zipo tafiti zinazosema ngozi ilipata unyevu zaidi, na nyingi kati yake zimelipiwa na wauzaji, mimi sizitegemei. Krimu ya kolajeni ndiyo kabisa: molekuli yake ni kubwa mno kupenya ngozi. Kunyweni supu kwa sababu ni tamu, na mzee anahitaji protini. Chai na andazi asubuhi, chai na mkate jioni haitoshi. Dagaa, maharage, mayai. Na vitamini C hapa Tanga ni aibu kuikosa, machungwa ya Muheza yanaozea barabarani. Mapera yanayo zaidi, kwa uzito uleule ni kama mara nne ya chungwa.

Akafuata mzee mmoja aliyekuwa mwalimu wa kemia: "Vifungo hivyo vya sukari, havina dawa ya kuvikata?"

Swali la mwalimu kweli. Imejaribiwa. Dawa iliyoitwa alagebriumu ilitolewa kwa wazee wenye mishipa migumu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha mishipa ikilegea kwa kiasi. Baadaye kampuni iliyoimiliki iliishiwa fedha, majaribio yakasimamishwa mwaka 2009. Tangu hapo mwelekeo ni glukosepeni. Mwaka 2015 wakemia wa Chuo Kikuu cha Yale walifanikiwa kuitengeneza maabara, ambayo ni hatua ya lazima, maana huwezi kutafuta kimeng'enya cha kukata kitu usichoweza kukishika mkononi. Kimeng'enya chenyewe kinatafutwa kwa bakteria. Duka la dawa bado halina cha kukuuzia, na anayekuambia anacho, muulize mwalimu huyu wa kemia kwanza.

Wauguzi wako pale mezani na mashine mbili. Kaeni dakika tano kabla ya kupimwa, mgongo uegemee, miguu isipishane, na msiongee wakati mkono umefungwa. Wakikupa karatasi, hakikisha wameandika namba zote mbili. Toa ya chini kwenye ya juu, nyote mlifundisha hesabu ya kutoa. Ikizidi 60, hata kama ya chini inapendeza, njoo nayo kwangu au mpelekee daktari wako wiki hii. Waliokaa nyuma waanze.